Mama Pasi na Neno la Kwenye Kadi

Ilikuwa mwaka wa themanini na mbili. Hapana, nisidanganye watu, themanini na tatu, maana boila mpya ilikuwa imeshafungwa pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na mimi ndiye niliyekuwa mwangalizi wake.

Mwanamke mmoja alipiga pasi mashuka pale miaka kumi na tisa, amesimama. Tulimwita Mama Pasi. Kadi yake ilikuwa na neno la Kiingereza, temporary. Sisi tulisema tempo, tukacheka. Neno lenyewe si tusi. Linafaa kwa daraja la mbao, au jino la kubandika: kitu cha muda, kinachoshika nafasi mpaka chenyewe kije. Sasa Mama Pasi alimshikia nani nafasi?

Miguu ilipoanza kumvimba, alitaka jambo moja tu: kiti katika chumba cha cherehani, ashone mashuka yaliyochanika. Viti vile vilikuwa vya wenye ajira ya kudumu, na ajira hiyo ilitaka miezi kumi na miwili mfululizo. Lakini kila miezi kumi na moja ikitimia, tempo wote walirudishwa nyumbani wiki mbili, kisha wakaitwa upya kama vile hawajawahi kuonekana.

Mwaka ule, tempo wakiwa nyumbani, mashuka yakarundikana hadi dirishani. Msimamizi akamfuata nyumbani.

"Dada, tuokoe."

"Si mmenifukuza nyie wenyewe?"

"Njoo bwana, acha maringo."

Akaja, wiki mbili zote. Siku ya mwisho akaninong'oneza, mimi aliyezoea kuniita shemeji kwa utani, "Shemeji, mwaka huu sijakatika."

Miezi kumi na miwili ilipotimia tukaenda kwa karani wa ajira, Mama Pasi ameniegemea. Karani akafungua daftari la getini. Kumbe mlinzi, alipoona kadi imeisha, alimwandika kila asubuhi kwenye ukurasa wa wageni.

"Mama, hizi wiki mbili ulikuja kutembea."

"Kutembea na pasi mkononi?"

Karani akacheka kidogo, akaacha. "Ndiyo utaratibu, mama."

Mama Pasi akavua aproni, akaikunja mara nne kama shuka la wodini, akaiweka mezani. Akatoka anakokota miguu.

Mimi sikusoma sana. Nikamwuliza karani taratibu, na baadaye msimamizi, na hata mlinzi: kama miaka kumi na tisa ni muda tu, huko kudumu kunaanzia wapi?