Mwenye Kuimba

Juzi simu ya binti yangu ilianza kupiga wimbo wa zamani wa Wazungu, wa magitaa mazito, nami nikautambua kabla hata mtu hajaimba.

Nilipokuwa mtoto, mimi na Mama tulikuwa tumefika Mweso kwa miguu tukikimbia vita kutoka Muheto, tumeketi barazani kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo. Palinukia sabuni, samaki wa chumvi wa makayabo na nguo zetu zilizolowa mvua. Redio yake ya kaseti ilipiga wimbo huohuo, ila kwa kinanda cha umeme ambacho sauti yake ilizunguka, ikapotea, ikarudi. Hakuna aliyeimba.

"Mama, mwenye kuimba iko wapi?"

Mama alikuwa anasugua miguu yake, macho ameyafumba. "Alikimbia, mutoto wangu. Atatukuta mbele."

Asubuhi alikuwa ameniambia maneno hayohayo juu ya Papa, baba yangu. Basi nikakaa nawasubiri wote wawili, mpaka mawe ya redio, yaani betri zake, yakaisha nguvu na kinanda kikalegea, kikanyamaza.

Siku hizi najua wapo wapiga muziki wanaochukua wimbo wa wengine na kuuacha bila maneno kwa kupenda. Lakini juzi, sauti ya mwanamume ilipoingia, nilisema, "Kumbe amefika," nikageuka kutazama mlango.