Nilipokwenda Kuona Treni Mpanda

Nilikuwa na miaka thelathini na sita na sikuwahi kulala chumbani peke yangu. Utotoni kwetu Ikola tulilala wanne kwenye mkeka mmoja. Nikaolewa, nikalala na mume, wakaja watoto. Mama mkwe alipopata kiharusi nikahamishia godoro langu chumbani kwake, kwa sababu usiku alihitaji kugeuzwa. Safari pia sikuwahi kwenda bila mtu. Mpanda nilishafika, lakini kila mara nilikuwa na mtoto mgonjwa mgongoni, au mume mbele yangu akiulizia njia.

Kwa hiyo kikundi chetu cha akina mama tunaokausha dagaa kilipotakiwa kupeleka mtu kwenye semina ya kuhifadhi mazao, wala sikuinua mkono. Aliyechaguliwa alikuwa mwenyekiti wetu. Wiki ile ile ya safari akateleza kwenye mawe ya ufukweni akavunjika mkono, na wenzangu wakanigeukia mimi. Nikasema siwezi, nina mgonjwa nyumbani. Nilisema mara moja tu. Walipoanza kunibembeleza sikurudia.

Mume wangu alikuwa kwenye kambi ya uvuvi na asingerudi mpaka mbalamwezi iwe kali, wakati dagaa hawavuliki. Nyumbani wangebaki mama mkwe, binti yangu wa darasa la saba na mdogo wake ambaye bado alikuwa anajifunza kufunga vifungo. Jirani akaahidi kukaa na mgonjwa asubuhi ili binti aende shule. Nilimwonyesha binti namna ya kumlisha bibi yake: kijiko kipitie upande wa kushoto wa mdomo, upande wenye nguvu, halafu usubiri ameze. Nilimwonyesha kumfuta na kumbadilisha. Kumwinua kutoka chini sikumwonyesha. Kwangu hakuwahi kuanguka, haikunijia akilini.

Mama mkwe alikuwa amebakiwa na maneno machache. Nilipomuaga alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima.

"Unarudi?"

"Narudi, mama. Wiki haiishi."

Hakuniachia mpaka nilipomfungua vidole mwenyewe, kimoja kimoja, huku nikimchekea.

Basi liliondoka alfajiri, na milima ikaficha ziwa mapema. Kila tulipoingia kwenye shimo mkono wangu uliruka kumshika mtoto ambaye hakuwepo, nikawa nashika kapu la mama wa kiti cha pembeni. Mara ya tatu akaniambia, "Shika tu, hamna mayai humo." Tukacheka. Baadaye nikaacha kushika. Nilikaa na mikono mapajani kama mtu aliyealikwa.

Tulipangiwa hosteli ya parokia. Msimamizi wake alikuwa mama mfupi aliyevaa sweta hata saa za jua. Alinipa ufunguo, akanipeleka kwenye chumba chenye vitanda viwili na vyandarua, akaniambia mwenzangu atafika kesho. Nikafunga mlango. Nikaufungua nikachungulia nje, nikaufunga tena. Chakula cha jioni kilipokwisha niliinuka kukusanya sahani, kwa mazoea.

"Acha hizo, mama," msimamizi akasema. "Hapa wewe ni mgeni."

Nilirudi chumbani machozi yakinilengalenga, wala sikujua nalilia nini. Nililala fofofo mpaka jua likaingia kupitia pazia. Na nilikuwa napiga mswaki nje pale kwenye koki ndipo nilipomkumbuka mama mkwe. Usiku mzima sikuwa nimeamka kumgeuza hata kwa ndoto. Niliduwaa na povu mdomoni, nikaona aibu, kisha nikasukutua nikaenda kunywa chai.

Mwenzangu wa chumba alifika asubuhi hiyo, mkulima wa mpunga kutoka Mpimbwe, amenizidi umri, mwenye rozari shingoni na kicheko kinachosikika nje. Darasani tulikaa pamoja. Yeye alifundishwa kuanika mpunga, mimi nikafundishwa kuanika dagaa juu ya vichanja vya wavu badala ya mchangani. Mchana wa siku iliyofuata mwalimu alituruhusu mapema.

"Dada, umeshawahi kuona treni?" akaniuliza.

"Kwenye televisheni."

"Basi twende stesheni. Leo ipo."

Simu yangu ilikuwa inachajiwa mezani kwa msimamizi. Nilisimama pale nikaiangalia. Chaji ilikuwa imeshaingia ya kutosha na ningeweza kuichomoa. Nyumbani wangeweza kupiga, nilijua. Nikasema moyoni, acha ijae. Ukweli ni kwamba nilitaka kutembea bila kuitwa na mtu.

Tulikuta treni imesimama, watu wanapakia magunia na kuku, akina mama wanapokezana watoto madirishani. Ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani, na ilipopiga honi niliruka nikamkumbatia mwenzangu, naye akacheka mpaka akakaa chini. Ilipoondoka tulipunga mikono kwa watu tusiowajua, na baadhi yao wakatupungia. Tulirudi polepole tukila karanga. Sikumbuki siku nyingine utu uzimani niliyofurahi vile, na ndiyo maana naona vibaya kuisimulia.

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, simu yako imelia weee. Nikatamani kupokea, nikaogopa."

Nilipiga nikiwa nimesimama pale pale. Binti akapokea mara moja.

"Bibi alianguka kitandani," akasema. Hakuwa analia. "Nimeshamrudisha."

"Umemrudisha na nani?"

"Mwenyewe. Jirani alikuwa shambani. Nilikupigia nikuulize nimshikeje, hukupokea. Nikampitishia kitenge chini ya makwapa nikavuta. Ameumia shavuni kidogo. Mama, ulikuwa wapi?"

"Semina," nikasema. "Ilikuwa haijaisha."

"Haya."

Hakuwa mtoto wa kusema "haya." Alikuwa mtoto wa kubisha.

Mwenzangu alikuwa amesikia. Tulipoingia chumbani akaanza kukunja kanga zangu.

"Basi la kwenu linaondoka asubuhi. Wewe nenda. Kesho ni kurudia tuliyosoma na kupiga picha tu."

Nikamwambia kikundi kimenituma, nikirudi kabla ya mwisho nitawajibu nini? Akaniangalia, akaziacha kanga kitandani. Kikundi kisingeniuliza kitu, na wote wawili tulijua hivyo. Nilibaki. Nilibaki kwa ajili ya usiku mmoja zaidi kwenye kitanda kile, na kibaya zaidi, nililala vizuri.

Niliporudi Ikola nilimkuta binti amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli la uji. Ilikuwa siku ya shule. Mama mkwe alikuwa na jeraha lililokauka shavuni. Niliweka mzigo chini, nikanawa, nikachukua bakuli.

"Shule hukwenda?"

"Tangu aanguke sijaenda. Jirani anamwogopa sasa, anasema atamfia mikononi."

Nilijaza kijiko, nikakipeleka upande wa kushoto kama miaka yote. Mama mkwe akafumba mdomo. Nikamwita, nikambembeleza, akageuza uso ukutani. Binti alinyoosha mkono, akachukua bakuli kwangu, akasema, "Bibi, fungua." Akafungua.

Nilipaswa kuumia. Niliumia, lakini baadaye. Kitu cha kwanza kilichonipitia mwilini pale kitandani kilikuwa nafuu, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Halafu nikaangalia ni nani aliyejitwisha.

Asubuhi iliyofuata nilimvalisha binti sare mwenyewe, nikamsindikiza hadi kwa mwalimu wake kumwombea radhi. Niliporudi mama mkwe hakula mpaka binti alipotoka shule. Ikawa hivyo kwa muda mrefu: binti anamlisha kabla ya kwenda, anakimbia mapumziko ya mchana kuja kumlisha, anarudi darasani akihema. Mimi nilifua, nilimgeuza, nilimsafisha, na hayo aliyakubali. Kijiko changu tu hakukitaka. Mume wangu aliporudi kutoka kambini alicheka, akasema wazee wana vituko. Sikumwambia habari za stesheni.

Karibu na masika mama mkwe alianza tena kula mkononi mwangu, siku moja tu bila sababu, kama alivyokuwa amekataa. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa usingizini, nami nikiwa kwenye godoro langu pembeni yake. Binti alifaulu kwenda sekondari, ingawa si kwa alama ambazo walimu walimtarajia.

Nilimwambia ukweli juzi tu, tulipokuwa tunaanika dagaa. Nilimwambia siku ile darasa lilikuwa limekwisha mapema, kwamba nilikuwa nimekwenda kuangalia treni na simu nikaiacha kwa makusudi. Aliendelea kutandaza dagaa kwa viganja.

"Najua," akasema. "Nilisikia sauti yako ulipopiga. Ulikuwa na furaha."

"Mbona hukusema kitu?"

"Niseme nini, mama?"

Hakuwa na hasira, ingekuwa rahisi kama angekuwa nayo. Mdogo wake akakohoa ndani, na kabla sijageuka binti alikuwa ameshafuta mikono na kuingia kumwangalia. Kijana mwenyewe siku hizi ana sauti ya kiume na alikuwa amepaliwa na maji tu. Jirani yetu, aliyekuwa amekaa kizingitini kwake, akanisifu kwamba nimelea binti mwenye huruma, si kama hawa wa siku hizi.

Nikamshukuru.