Mchezo wa kukimbia umewafundisha wanafunzi wangu wa dini kujibu "jadili", ila umeniacha njia panda

Wakuu, heshima kwenu. Kisa hiki ni changu mwenyewe, nakileta bila chumvi maana nimekiwaza hadi nimechoka.

Kwetu ni Nyasubi, Kahama, ila nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari moja huku Masumbwe.

Wanafunzi wangu dini wanaijua. Muulize kwa mdomo, anatiririka. Mpe swali la "jadili" aandike, unapata mistari miwili na karatasi nyeupe.

(Na ukimwambia andika aya, anakuandikia ya Qur'an. Siku hizi nasema paragrafu.)

Nikabuni mchezo. Nachora mistari miwili uwanjani kwa majivu, upande huu "nakubali", ule "nakataa". Nasoma swali, napuliza filimbi, kila mtu anakimbilia anakotaka. Kubaki pale lazima utoe hoja, dalili ya Qur'an au hadithi, na mfano. Ukikwama unatoka.

Halafu wanakaa hapohapo, bado wanahema, wanaandika walichosema.

Siku hiyo swali lilikuwa: "Mchimbaji wa dhahabu anaweza kufungua mchana wa Ramadhani. Jadili."

Darasa lote likakimbilia "nakataa". Kwenye "nakubali" akasimama Mwajuma peke yake, binti mkimya wa kidato cha tatu.

Akasema Mungu hamtwishi mtu asichokiweza, akataja na dalili. Nikamuuliza mfano.

"Baba yangu," akasema. "Anachimba Rwamgasa. Alifunga, akazimia chini shimoni, ndani ya duara, wakamtoa kwa kamba. Sasa siku za kazi hafungi. Analipa baadaye, akirudi nyumbani."



Akakaa, akaandika kurasa mbili. Hata hoja za wanaokataa alizijibu. Sijawahi kusahihisha insha kama ile.

Masumbwe ni ndogo, maneno yakasambaa. Ijumaa baba yake akatokea ofisini.

"Shikamoo, Baba Mwajuma."

Hakuitikia. "Mwalimu, kula kwangu ndiyo somo? Msikitini wananiangalia."

Nikamwita Mwajuma, nikamwomba amsomee baba yake alichoandika.

Akasoma kwa sauti ndogo. Alipofika "baba yangu si mvivu wa ibada, ila mwili nao ni amana", mzee akageukia dirishani.

"Hayo ndiyo unayoyaona?"

"Ndiyo, baba."

"Nilidhani unanionea haya. Tukila siku hizi huniangalii usoni."

"Siyo haya, baba. Nikikuangalia usoni naogopa utazimia tena."

Mzee akanigeukia. Kisha akaniambia, kwa upole sasa, "Aendelee kuandika. Ila mambo ya nyumbani kwangu, mwalimu, yaache nyumbani."

Nikatii. Mchezo unaendelea, lakini mifano ni ya kubuni, hakuna kumtaja mzazi wala jirani.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Insha zimenyooka, hoja, dalili, mfano, maksi zimepanda. Ila zote zinafanana. Hata Mwajuma anaandika vizuri tu, kama wenzake.

Nilichojifunza ni kwamba mwanafunzi huandika kweli akiwa na mtu anayetaka kumtetea. Sasa nitampaje mtu huyo bila kuanika familia yake mbele ya darasa? Sijui.

Walimu, na nyie wazazi hasa, ningefanyaje? Hata kama ni kunikosoa, semeni, nasoma zote.