Dawa Kali

Watu wengi wa upande wa Barabara ya Ngong waliijua kazi ya Zedekiah Ogutu kabla ya kumjua yeye mwenyewe. Bango la kinyozi wa Kawangware, jina la kanisa la mabati lililovuja kuliko mti, na yale maneno MBWA KALI kwenye mageti ya Wazungu wa Woodley, yote yalitoka kwenye brashi yake. Alikuwa Mjaluo wa Alego, mrefu, shingo imezoea kuinama, na herufi zake zilinyooka kuliko maisha ya wengi waliozisoma. Mgeni akifika getini akasoma MBWA KALI, alirudi nyuma hata kama mbwa mwenyewe alikuwa amekufa mwaka juzi. Jambo hilo lilimfurahisha Zedekiah sana. Aliona neno lake lina meno.

Mwajiri wake alikuwa kampuni ya Strake na Colby, ambayo vibarua waliiita Sitireki kwa kuwa ndimi zao zilikuwa na desturi zake. Ofisi ilikuwa katikati ya mji, jengo la mawe lenye kitasa cha shaba kilichosuguliwa kila asubuhi; ghala lilikuwa mbele ya Woodley, mbali na pua za wakubwa. Sitireki waliuza dawa ya josho, yaani ile inayotiwa kwenye maji ya kuogeshea ng'ombe ili kupe wafe. Zedekiah aliandika kwenye mapipa.

Zamani mapipa yalitoka Uingereza na maandishi yake, na picha ya fuvu la kichwa juu. Baadaye kampuni ikaanza kuchanganya dawa hapa hapa, na mapipa yakawa matupu kama ukuta mpya. Zedekiah alichukua la kwanza akaandika SUMU, kubwa, nyekundu. Meneja akaja kutazama. Huyu alikuwa Bwana Colby, mpwa wa yule Colby wa kwenye jina, kijana mwenye sauti ya chini na kucha safi.

"Futa hiyo," akasema. "Nani nataka nunua sumu? Hii iko dawa. Andika dawa."

"Lakini bwana, mtu akikunywa atakufa."

"Nani nakunywa dawa ya ng'ombe? Wewe nakunywa?"

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Zedekiah alikuwa na mke, Milcah, na watoto, katika chumba cha nyuma ya nyumba ya Mzungu mmoja, na chumba hicho alipewa kwa barua ya Sitireki. Akayakumbuka mageti ya Woodley, akapata akili.

"Basi tuandike dawa kali, bwana."

Colby alirudia maneno hayo polepole, akatabasamu. "Dawa kali. Hiyo mzuri sana."

Zedekiah alirudi kwenye brashi yake akidhani amemzidi Mzungu ujanja. Maskini! Alikisahau Kiswahili ambacho kilimlisha. Mbwa kali humfukuza mtu, lakini dawa kali humvuta. Mgonjwa gani aliwahi kwenda kwa mganga akaomba dawa ya upole? Colby alilijua hilo mara moja, ndiyo maana alitabasamu. Wafanyabiashara husikia neno upande wa pili, ule wa kuuzia.

Kwa muda hapakuwa na neno. Mapipa yaliyokwisha kutumika yalirudishwa ghalani, yakatobolewa kwa sururu na kufukiwa shimoni. Hiyo ilikuwa kazi ya vibarua, na kibarua hula mshahara. Ndipo ukaja ule mwaka wa ukame, Hali ya Hatari, ile amri ya vita ya serikali ya kikoloni, ingali imewakalia watu wa Waithaka shingoni. Walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani wakasongamanishwa kijijini, nyumba juu ya nyumba, na maji waliyachota mtoni kwa zamu. Bwana Colby akasikia habari zao, akahuzunika. Alihuzunika akiwa na mapipa matupu mia na ushei na hataki tena kulipia sururu.

Basi mapipa yakawa zawadi, Waithaka kwanza, kisha vijiji vya mbele.

Ilifanyika sherehe. Mkubwa wa kijiji, Wainaina, alivaa koti katikati ya jua. Mpiga picha wa gazeti aliletwa kutoka mjini. Colby akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba Sitireki iko rafiki ya watu, na mvua ikija kila nyumba takuwa na maji yake. Wanawake walipiga vigelegele, na hapa tusiwacheke; mtu anayebeba maji mgongoni kwa kamba iliyomchimba kipaji cha uso ana haki ya kulipigia pipa vigelegele. Mutiso, dereva wa lori, alishusha mapipa yakigongana kwa kishindo kilichofika hadi ng'ambo ya mto. Kila pipa lilisema DAWA KALI.

Zedekiah alimshika mkono Kiragu, kuli wa ghalani na rafiki yake, ambaye mama yake na mkewe waliishi pale pale Waithaka.

"Waambie waoshe na mchanga na maji moto, tena na tena. Ama wasitumie kabisa. Hiyo kitu ni sumu."

Kiragu alicheka. "Mwalimu, si ni wewe uliandika dawa? Ama siku hizi hujui kusoma?"

Kiragu alidhani ni mzaha, na Zedekiah, kwa kuwa Colby alikuwa amesimama karibu, akacheka pia. Kicheko hicho kilikuja kumkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mvua ikanyesha. Jumapili moja, baada ya kanisa, Zedekiah alikwenda Waithaka kumwona mtoto wa kwanza wa Kiragu; Kiragu mwenyewe alikuwa zamu ghalani. Alipoingia kijijini alikutana na mwandiko wake kila upande: DAWA KALI chini ya kila paa la madebe, DAWA KALI mlangoni pa mjane, DAWA KALI karibu na kanisa. Kwanza moyo wake ulifurahi, maana mchoraji ni mchoraji. Kisha akaona kuku wamelala kando ya pipa, miguu juu, na hakuna aliyewaokota. Furaha ikamtoka yote, akaanza kutembea haraka.

Mama yake Kiragu, Njambi, alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa mama mnene wa maneno mengi na moyo mkubwa.

"Karibu, karibu mtu wa dawa! Wanjugu, leta kiti."

"Mama, hii pipa mliosha?"

"Nioshe?" Njambi akapiga paja. "Nimwage dawa nibaki na bati? Mimi si mjinga. Wale waliosha sasa wanajuta. Hii maji yangu iko na uchungu kidogo, na dawa haina uchungu ni dawa gani? Hata huyu mtoto nampatia kijiko kila asubuhi. Kama inaua kupe, minyoo itatoroka wapi?"

Zedekiah alimtazama mtoto mgongoni mwa Wanjugu, mke wa Kiragu. Alikuwa ameegemeza kichwa, macho wazi, bila kutazama kitu.

"Anatapika tangu juzi," Wanjugu akasema kwa sauti ndogo.

"Ni dawa inafanya kazi," akajibu mkwe wake, naye akammiminia mgeni chai.

Ilikuwa chai ya maziwa, katika kikombe cha bati, inatoa moshi. Zedekiah alikishika. Kukataa kikombe cha mama mzima mbele ya watu wake ni sawa na kumwita mchawi, na yeye alikuwa amelelewa vizuri. Alikileta karibu na mdomo. Kisha akakiweka chini.

"Mama, usikunywe tena hii maji. Msimpe mtoto. Hii si dawa, ni sumu."

Njambi hakukasirika mara moja. Alimtazama kama mtu anayesikiliza ni nani abishaye mlangoni.

"Nani aliandika dawa?"

"Ni mimi."

"Sasa ulidanganya siku gani, Zedekiah? Ile siku, ama leo?"

Zedekiah alitoka pale na aibu imemjaa, na nyuma yake alisikia chai yake ikirudishwa kwenye sufuria.

Kesho yake alikwenda mjini, akasimama mbele ya meza ya Bwana Colby akiwa ameshika kofia. Aliomba lori. Aliomba Mutiso ampeleke kijiji kwa kijiji, mapipa yarudishwe, watu waambiwe ukweli na mdomo wa kampuni yenyewe, kwa maana mdomo wake yeye haukuaminika tena. Akamweleza habari za mtoto.

Colby alisikiliza mpaka mwisho. Ubaya wake haukuwa wa kupiga kelele.

"Kama sisi nasema sumu leo, watu nauliza kwa nini jana sisi nasema dawa. Wewe iko jibu?"

Lilikuwa swali lile lile la Njambi. Njambi aliliuliza ili ajue. Huyu aliliuliza ili watu wasijue.

"Wewe rudi kazi," Colby akaendelea. "Wacha maneno. Manyani iko watu mingi walipelekwa kwa sababu ya mdomo."

Zedekiah alirudi ghalani, akakaa juu ya pipa. Aliogopa, tuseme wazi. Aliogopa kifungo cha kambi ya Manyani, aliogopa kumwambia Milcah wafunge vitu. Lakini kila alipofumba macho alimwona yule mtoto. Akainuka, akachukua mkebe wa rangi nyekundu, akashika njia ya Waithaka mchana kweupe.

Hakubisha hodi kwa mtu. Alikwenda pipa kwa pipa akiandika juu ya maneno yake mwenyewe: SUMU. Herufi zilikuwa mbaya, zinachuruzika, za kwanza mbaya katika maisha yake. Alikuwa ameanza pipa la Njambi wakati mwanamke mmoja wa jirani alipotoka, akasoma pipa lake, akapiga yowe.

Laiti angefikiri! Maji yakiitwa sumu, swali la kwanza la watu ni nani ameitia. Jana yalikuwa dawa. Leo mgeni amepita, ameinama juu ya kila pipa, na sasa ni sumu. Vijana walimkamata, wakamfunga mikono kwa kamba ya kubebea maji. Wainaina akatuma ujumbe ghalani, ambako Colby alikuwa amekuja kukagua mapipa, na gari lake halikukawia kufika, Kiragu akiwa kiti cha nyuma, ameletwa kutafsiri.

"Sisi natoa dawa," Colby akawaambia watu kwa upole. "Huyu naharibu."

Wainaina akamsukuma Zedekiah mbele ya pipa la Njambi, lililokuwa limepata S na U tu. "Hii nyekundu ni mwandiko ya nani?"

"Yangu."

"Na hii ya chini?"

"Yangu pia."

Watu wakanguruma. Njambi alikuwa amefunika mdomo kwa leso. Kiragu aliangalia viatu vyake. Zedekiah aliona hatapata wa kumsikiliza, akamtafuta mmoja tu kwa macho.

"Wanjugu," akasema. "Mtoto amekunywa leo?"

Wanjugu hakumjibu. Alipita katikati ya watu, mtoto mgongoni, akaweka mikono miwili juu ya pipa la mkwe wake, akasukuma. Lilikuwa zito, likagoma, likayumba, likaanguka. Maji yakatoka kwa kishindo, yakafuata mteremko kuelekea pale wakubwa walipokuwa wamesimama.

Wa kwanza kuruka alikuwa Bwana Colby. Aliruka kama mtu aliyeona nyoka, akapanda juu ya jiwe la kufulia, amekunja suruali kwa mikono miwili mpaka soksi zikaonekana. Maji yakapita chini yake, na watu wote wakamtazama.

Njambi alikuwa amesimama katikati ya maji hayo, miguu mitupu.

"Bwana," akauliza, "mbona unaruka dawa?"

Kiragu hakulitafsiri swali hilo, wala halikuhitaji tafsiri. Alikuwa amepiga magoti, anaifungua kamba mikononi mwa rafiki yake. Kutoka barabarani wakasikia lori la Mutiso likipita kuelekea vijiji vya mbele, mapipa matupu yakigongana nyuma.