Bati la Tulinagwe

Tulinagwe wa Kawetele sijawahi kumshinda bei. Miaka ya ruksa, kila mwenye gari alipojiita mfanyabiashara, nilinunua ndizi kwake na kila mara niliondoka nikijilaumu. Kwa hiyo mfanyabiashara Ackson alipokuja kutoka Mbeya kutaka kununua banda la chama cha wakulima wa chai, na mama huyo ni mwanachama, nilijua atakiona.

Banda lile walilijenga wenyewe: kila kaya ilileta bati moja na kulipigilia kwa mkono wake. Ndani ndipo walipopimia majani mabichi. Majani yakikawia kikapuni hupata joto, huwa mekundu, na mnunuzi huyakataa. Ila wengi walikuwa wameshang'oa chai wakapanda viazi. Ackson alitaka stoo ya kuhifadhia saruji, nao walitaka kuuza. Wenye chai waliobaki walinyamaza, isipokuwa Tulinagwe. Banda likienda, angebeba majani kichwani mpaka Tukuyu na kufika nayo yameharibika.

Mkutano ulifanyika humo bandani, nami nilikuwepo kutazama. Ackson akasimama. "Almost wote mmekubali. Tumalize."

"Huyo Almost ni mwanachama?" Tulinagwe akauliza. Watu wakacheka.

"Mama Ambwene, usitucheleweshe," mwenyekiti Amoni akamwambia Tulinagwe.

"Mwalimu Kenneth yupo. Atueleze hiyo almost ni nini," Tulinagwe akajibu.

Kenneth, aliyefundisha hisabati sekondari, akanyanyuka. "Mtaani maana yake ni karibu. Ukisema almost nimefika, bado uko njiani. Kwenye hisabati ni kali zaidi. Namba hazina mwisho. Ukitoa chache unazoweza kuzihesabu ukamaliza, zilizobaki tunaziita almost zote. Hizo chache hatuzijali."

Ackson akapiga makofi. "Umesikia, mama? Wachache hawajaliwi!"

"Ngoja kwanza. Mwalimu, wanachama wa hapa hawana mwisho?"

Kenneth akacheka. "Wana mwisho, mama. Nawaona wote nikiwa hapa hapa. Kwa kitu kinachokwisha, hesabu ile haifanyi kazi."

"Ndaga, mwalimu, asante. Basi Ackson akatafute banda lisilo na mwisho. Hili lina bati langu, na mimi siuzi."

"Ng'oa bati lako uende nalo, mama! Nitanunua yaliyobaki."

Hapo ndipo alipojimaliza. Mtu wa Mbeya mjini hajui mvua ya Rungwe. Tulinagwe alitoka, akarudi na ngazi ya mianzi na nyundo ya jirani, akajifunga kitenge kiunoni, akapanda.

"Shuka, mwanamke wewe!" Amoni akafoka.

"Mnunuzi ameruhusu. Muulize."

Bati lake lilikuwa katikati ya paa. Lilipong'oka, mvua iliyokuwa ikinyesha tangu asubuhi ikamiminika ndani, watu wakakimbilia kwenye kuta. Ackson aliyatazama maji yakitapakaa pale pale alipokusudia kupanga saruji.

"Haya, taja bei ya hilo bati."

"Sitaji."

"Kila kitu kina bei, mama."

"Sokoni. Mimi nipo juu ya paa."

Ackson alingoja kidogo, akidhani ni mbinu ya kupandisha bei. Mimi pia nilidhani hivyo. Bati jipya angelipata dukani, ila mama wa kumpandia paa kila siku hakumtaka; mwishowe akawasha gari, akaenda kutafuta stoo kwingine.

Bati alilirudisha yeye mwenyewe, kwenye mvua ile ile, hakuna aliyemshikia ngazi. Wenzake walimnunia. Mke wa Amoni alimpita njiani bila salamu. Kesho yake mchana Tulinagwe alitua kikapu mbele ya mizani, wa kwanza kabisa.

"Pima," alimwambia karani. "Na usinipunje."