Kuta Mpya za Dada

Daktari wetu pale Msambweni alikuwa mtu wa hesabu. Malaria aliipigia hesabu kama wengine wanavyopigia unga: mgonjwa mmoja, kupitia kwa mbu, anawaambukiza wangapi? Wakipungua wasifike hata mmoja, ugonjwa utajifia wenyewe. Mbu akishashiba damu hutua ukutani kupumzika, basi sisi tulipuliza dawa kwenye kuta, afe kabla hajamuuma mwingine. Mimi nilibeba bomba na kuwafasiria watu maneno yake.

Kwenye karatasi zake mstari wa malaria ulishuka vizuri. Tuliporudi Jego kupima damu baada ya kupuliza, ukapanda.

"Hapa dawa haifai," akasema. "Kesho tunahamia Ramisi."

Dada yangu aliolewa hapo Jego, na alikuwa siku yoyote ajifungue. Watoto wake wawili wa mwanzo walikufa kwa malaria wakiwa wachanga. Nikaenda kwake mbio, hasira zimenipanda, wala sijui namkasirikia nani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hebu ingia uone!"

Nyumba nzima ilinukia udongo mbichi. Alikuwa amekandika kuta zote upya, akazisugua mpaka zikawa laini, kama wafanyavyo wanawake wa kule mzazi anapokaribia kuingia arobaini, zile siku za kukaa ndani baada ya kujifungua. Dawa yetu yote ilikuwa imefunikwa. Nikachungulia kwa jirani, naye amekandika, ana harusi. Lo! Mbu walikuwa wanastarehe tu.

Nikamleta daktari, nusura nimburute. Akaugusa ukuta.

"Hili halimo kwenye hesabu yangu."

"Wala kwenye yangu halimo," nikamwambia. " Lakini dawa kidogo tunayo."

Nikajitwika bomba. Dada akaziba mlango.

"Hunipulizii! Hiyo dawa yenu inaacha mabaka. Watu watakuja kumtazama mtoto, waikute nyumba hivyo?"

"Watatazama ukuta au mtoto? Una wazimu wewe?"

"Wale wawili hakuna aliyekuja kuwatazama. Watu walikuja kuzika tu. Huyu ndiye niliyemtengenezea nyumba."

Nilimwonea uchungu, na bomba likanielemea begani.

Akaupapasa ukuta wake kwa kiganja, polepole, kisha akanipisha.

"Haya, puliza," akasema. "Na nyuma ya kitanda pia."