Mkono Uliokataa Ubeti wa Mwisho

Siku yangu ya kwanza kazini, Kidatu, sikushika bisibisi. Fundi Mkuu wa karakana, mtu mnene aliyetembea kama anaogopa kuamsha mtoto, alinikalisha mbele ya gramafoni, akaniambia niweke kidole chini ya mkono wake, yaani ule mrija mwembamba unaobeba sindano juu ya santuri.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Mzee."

"Vizuri. Siku ukisikia uzito, ujue sindano inailima santuri badala ya kuisoma."

Nilikaa hivyo asubuhi nzima. Mke wangu husema ndipo nilipojifunzia kukaa bila kufanya lolote, na sijaacha mpaka leo.

Mkono wa gramafoni ni mizani, vijana. Mbele kuna sindano, nyuma kuna chuma kizito tulichokiita jiwe. Ukilisogeza jiwe unywele mmoja, sindano inaruka au inakwaruza. Chini ya sahani inayozunguka kuna gia, na kando ya gia kidude chepesi tulichokiita ulimi. Wimbo ukiisha, mkono unaugusa ulimi, gia inashika, mkono unanyanyuka wenyewe na kurudi kwenye kikao chake. Grisi ikiganda, ulimi unaguswa kabla ya wakati na wimbo unakatwa njiani. Mashine za namna hiyo wateja walituletea wakinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu, yaani uchawi. Fundi Mkuu aliwajibu bila kucheka: "Upo kweli. Ndio huu hapa, nautengeneza."

Kutoka Kidatu nilihamishiwa kambi ya jeshi ya Chita, kutunza vipaza sauti. Afande wa vifaa aliniita siku moja.

"Fundi, hiyo kelele izime."

"Kipaza sauti kimezimwa tangu jana, afande."

Alinitazama, akageuka, akaenda zake. Hakuniuliza tena habari za kelele, na mpaka leo sijui alikuwa anasikia nini.

Chita sikukaa sana. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikilala kitanda cha ugenini naamka nimegombana nacho. Nikarudi Ifakara, nikaweka meza barazani kwangu Kibaoni, ili kwenda kazini kuwe ni kuvuka mlango. Nilitengeneza redio za wafugaji wa Kisukuma, feni za wenye maduka, na gramafoni za wazee waliokataa kuzitupa.

Aliyenistaafisha ni Mama Matilda, mjane wa mtaa wa pili. Marehemu mumewe alikuwa mwimbaji wa bendi ya wafanyakazi wa mashamba ya miwa, na santuri yao moja ilibaki nyumbani. Ubeti wa mwisho aliuimba peke yake. Sasa mgane mmoja wa Chita, mkulima wa mpunga, alikuwa ameleta posa, na Mama Matilda alitaka kwenda. Shemeji yake, Festo, hakutaka. Alidai marehemu mwenyewe amekataa, na ushahidi wake ulikuwa gramafoni: tangu posa ifike, kila wakipiga ile santuri, mkono unanyanyuka kabla ya ubeti wa marehemu.

"Tengeneza, Fundi," Mama Matilda aliniambia. "Akiimba, naolewa. Shemeji kakubali mbele ya watu."

"Na asipoimba?"

"Nitaanika mpunga wa Festo mpaka nife."

Niliifungua barazani. Grisi ilikuwa imekauka kama nta. Nikaisafisha kwa spiriti, nikatia tone la mafuta ya cherehani, nikarudisha jiwe mahali pake. Mkono ukapita pale pa ubishi, na sauti ya marehemu ikatoka, nzito, kama ya mtu anayeongea na aliye chumba cha pili. Mke wangu aliacha kuchambua mchele.

"Huyu anaimba au anaita?"

Nikaibeba mwenyewe mpaka kwa Mama Matilda, safari yangu ndefu kuliko zote mwaka ule. Yeye alikaa kwenye kiti chake, Festo akajaza kochi. Mkono ulikwenda vizuri, ukafika pale, ukanyanyuka, ukarudi kwenye kikao taratibu, kama mtu anayetoka msibani bila kuaga.

"Si nilisema?" Festo akacheka.

Nikatoa pimamaji, nikasawazisha meza kwa vipande vya boksi. Ukanyanyuka. Nikahamisha meza ukuta wa pili. Ukanyanyuka. Mwisho nikaung'oa ulimi wenyewe, nikautia mfukoni. Gramafoni isiyo na ulimi haina cha kuunyanyua mkono.

Ukanyanyuka. Festo akaacha kucheka.

Nilikuwa nimeushusha mara nyingine wakati manyunyu yalipoanza, na Mama Matilda akakimbilia nje kuanua mpunga. Mkono ukapita. Marehemu akaanza ubeti wake, na kule nje nikasikia ufagio umesimama juu ya turubai. Mama Matilda alikuja na beseni la mpunga kiunoni, akatia mguu mmoja ndani. Mkono ukanyanyuka.

"Rudi nje," nikamwambia, na sauti yangu haikuwa ya fundi.

Akarudi. Nikaushusha, marehemu akaimba. Nikamwambia Festo ahamie kwenye kile kiti cha Mama Matilda, na unene wake wote. Marehemu akaimba. Mama Matilda akaingia mwenyewe. Kimya.

"Umeona?" Festo alinong'ona. "Hakutaki kabisa humu ndani!"

Mama Matilda alisimama kizingitini, mvua inampiga mgongoni. "Kumbe umeelewa, shemeji. Nikiwa ndani hataki. Nikitoka anaimba. Sasa nikae humu namfanyia nini?"

Festo aliinuka kwenye kile kiti. Marehemu alikuwa ameimba, naye Festo alishakubali mbele ya watu.

Mama Matilda alipoolewa, Festo alinipa gramafoni. "Kaa nayo. Mimi silali nayo nyumba moja." Ulimi niliurudisha, meza ya barazani nikaiondoa. Kwangu santuri ile inafika mwisho bila taabu. Vijana huniuliza sababu ya kitaalamu. Nimefikiria unyevu, sakafu, upepo wa mlangoni. Sipendi jibu hata moja kati ya hayo, na jingine sina.

Wiki iliyopita Mama Matilda alinipigia simu kutoka Chita.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Tunavuna. Leo nina hamu ya kumsikia. Niwekee."

Nikaiweka simu kwa sauti kubwa kando ya gramafoni, nikaushusha mkono. Tukasikiliza wote wawili. Ukafika pale, ukanyanyuka.

"Mbona kimya?"

"Umenyanyuka, Mama Matilda."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Mwambie nilishatoka."

Mimi, mwenye cheti changu cha kidato cha nne, niliyewacheka wateja maisha yangu yote, nikainama karibu na kile chuma. Mke wangu alikuwa mlangoni ananitazama, na safari hii hakunitania.

"Ameshatoka," nikasema. "Yuko Chita. Anavuna."

Nikaushusha tena. Ukafika pale. Ukasita kidogo. Ukapita.